Benzini ilitoweka Mei, ikarudi Septemba: kisima cha uchunguzi kinatuambia nini?

SWALI: Kiwanja chetu hapa Tanga kilikuwa sheli hadi matangi yalipofukuliwa miaka mitatu iliyopita. Tuna visima vinne vya uchunguzi. Mwezi Mei maabara haikuona benzini yoyote (kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli) katika kisima namba 2, na mshauri wetu akapendekeza tusitishe ufuatiliaji. Septemba kisima hichohicho kilitoa mikrogramu 85 kwa lita. Maji yalikuwa mita 3.1 kutoka juu mwezi Mei na mita 4.9 mwezi Septemba. Matundu ya bomba la kisima yanaanzia mita 3.8. Je, maabara ilikosea, au kuna mafuta mapya yanayovuja? Jirani yetu ana kisima cha maji kilicho umbali wa mita 40.

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuambatanisha kina cha maji, kwa maana bila tarakimu hizo ningebaki kubahatisha. Kwa maoni yangu maabara haihitaji kulaumiwa, na wala huhitaji kudhani kwamba kuna uvujaji mpya, ingawa ningeomba uhakikishe kama mabomba yaliyopeleka mafuta kutoka kwenye matangi hadi kwenye pampu yalitolewa pia, kwa sababu mara nyingi matangi hufukuliwa na mabomba yakasahaulika yakiwa na mafuta ndani.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inapofika kwenye usawa wa maji chini ya ardhi huelea na kutanda, kisha hupanda na kushuka pamoja na usawa huo mwaka baada ya mwaka, ikiupaka udongo wote uliomo kati ya kina cha masika na kina cha kiangazi. Udongo huo uliopakwa ndio chanzo chako sasa, hata kama matangi hayapo. Mwezi Mei, baada ya mvua za masika, maji yalisimama sentimita 70 juu ya mahali matundu yanapoanzia. Tabaka la juu, ambalo ndilo lenye mafuta mengi zaidi, lilikuwa mkabala na bomba lililozibwa, na kisima kilipokea maji ya chini zaidi, ambayo tena yalikuwa yamezimuliwa na mvua. Septemba maji yaliposhuka hadi ndani ya eneo la matundu, kisima kilianza kuonja tabaka lenyewe. Tokeo la Mei, basi, halikuwa la uongo, lakini lilijibu swali ambalo hamkuliuliza.

Kisima cha uchunguzi wa mafuta kinapaswa kuwa na matundu yanayovuka usawa wa maji katika misimu yote. Ningechimba kingine karibu na namba 2, matundu yakianzia takribani mita 2.5 na kufika mita 6 au zaidi. Kabla ya kuchukua sampuli, shusheni utepe wenye kihisio kinachotofautisha mafuta na maji. Mkikuta mafuta yanayoelea, pimeni unene wake na msipeleke sampuli hiyo maabara kana kwamba ni maji. Pampu iendeshwe polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, hadi joto, pH (kipimo cha uasidi wa maji) na oksijeni vitulie. Vichupa vijazwe hadi pasibaki hata kiputo kimoja cha hewa, maana benzini hukimbilia hewani, kisha viwekwe kwenye barafu. Vilivyotiwa asidi ya kuhifadhi sampuli vinapaswa kupimwa ndani ya siku 14. Katika kila safari pelekeni pia kichupa cha maji safi ambacho hakifunguliwi kabisa, ili mjue kama uchafu uliingia njiani.

Sikubaliani na pendekezo la kusitisha ufuatiliaji. Ningetaka vipimo vya kila robo mwaka kwa angalau miaka miwili, kina cha maji kikiandikwa siku ileile katika visima vyote vinne, kwa kuwa visima vitatu visivyo katika mstari mmoja vinatosha kukokotoa maji yanaelekea upande gani. Ongezeni oksijeni, chuma na salfeti: oksijeni na salfeti vikipungua huku chuma kilichoyeyuka kikiongezeka katikati ya eneo, ni dalili kwamba bakteria wanakula mafuta.

Kisima cha jirani kisisubiri robo ijayo. Pampu yake inaweza kuyavuta maji kutoka kwenu hata kama mwelekeo wa kawaida ni mwingine. Kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita ya maji ya kunywa, na mtu hawezi kukitambua kwa pua, kwa sababu harufu hujitokeza kwenye viwango vilivyo juu mno ya hapo. Mwambieni leo, mpime wiki hii, na hadi majibu yatoke apate maji ya kunywa na kupikia kutoka kwingine. Asishauriwe kuyachemsha, kwa maana benzini itakayotoka kwenye sufuria itabaki jikoni anamopumua.