Saa ya kukuzia picha inayokosea gizani tu

Swali: Fundi, salamu kutoka Kamalondo, Lubumbashi. Nimerithi studio ya picha ya baba, pamoja na saa ya zamani ya mashine ya kukuzia. Ndani kuna tyubu ya gesi yenye triga (mguu wa kuiwashia), ile isiyo na uzi wa kupasha moto. Mchana mezani nikiitega sekunde 10 inakata taa kwa 10. Chumba cha giza inakata kwa 14, mara 25, mara haikati kabisa. Nimebadilisha kondansateri (kile kipande kinachotunza chaji), wapi! Tyubu imekufa?

Jibu: Haijafa, ndugu yangu. Inaogopa giza.

Kathodi ya tyubu hiyo, yaani ncha yake hasi, ni baridi, haimwagi elektroni kwa joto. Kondansateri inajaa polepole kupitia rezista kubwa (kizuia umeme), na volti zikifika kiwango cha triga gesi inawaka, rilei (swichi ya sumaku) inavuta na kukata taa. Ila gesi haiwaki bila elektroni chache za kuanzishia. Mchana mwanga unaopiga kathodi unazibandua bure. Gizani tyubu inangoja bahati, na volti zinazidi kupanda. Ndiyo maana makosa yako hayafanani. Yangekuwa 14 kila siku, ningeshuku rezista iliyopanda thamani.

Waundaji walilijua hilo. Tyubu nyingine zina elektrodi ya ziada inayowaka kidogo muda wote kupitia rezista ya megaomu kadhaa; rezista hiyo ikikatika, ugonjwa ni huu huu. Nyingine zilitiwa chembe ya tritiamu, haidrojeni yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila miaka 12.3. Baada ya miaka 49 imebaki moja ya kumi na sita, kwa hiyo usiivunje, lakini pia usiitegemee.

Jaribio ni rahisi. Zima taa, hakikisha saa inakosea, kisha imulike tyubu kwa tochi nyeupe. Ikirudi kwenye sekunde 10, umepata jibu. Taa yako nyekundu haisaidii, mwanga mwekundu, hata ukiwa mwingi, una nishati ndogo mno kubandua elektroni.

Tafadhali usichomeke multimita kwenye triga. Hapo mafundi wengi huhukumu tyubu nzima kifo. Chukua volti 300 na rezista ya megaomu 20: multimita yenye ukinzani wa ndani wa megaomu 10 inaziacha volti 100 tu, na tyubu inayotaka kama 130 haitawaka ng'o. Kondansateri uliyoweka ichunguze pembeni: chomoa mguu mmoja, iunganishe na multimita hiyo mfululizo kwenye chanzo cha pembeni cha volti 200 za DC, subiri ijae. Kila volti 1 inayosomeka ni maikroampea 0.1 inayovuja. Katika mfano wangu, kuvuja kukizidi maikroampea 8.5, triga haifiki 130 kamwe. Usisahau soketi: vumbi letu jekundu likilowa masika huvujisha vilevile, lisugue kwa spiriti. Kuchomoa na kusugua kote kufanyike plagi ya saa ikiwa nje, na kondansateri kubwa imekwishamwagwa chaji kwa rezista, si kwa bisibisi.

Kama ni giza kweli, weka LED ndogo ya bluu ndani ya sanduku, ikitazama tyubu, na uzibe matundu yote kwa utepe mweusi. Karatasi ya picha huiona bluu haraka kuliko jicho lako. Kwa hiyo kabla ya kazi ya mteja, laza kipande cha karatasi karibu na saa, weka sarafu juu yake, kaa dakika 5, kisha kioshe. Ukiona duara jeupe la sarafu, bado sanduku linavuja.