Ukiambiwa mbegu ya ngano inahimili magonjwa, uliza ni magonjwa gani na tangu lini

Mwaka niliopoteza ngano yangu, kazi za shamba nilikuwa nimezifanya zote. Nilipanda kwa wakati, mbolea niliweka, magugu niliyawahi yakiwa madogo. Mbegu ilikuwa ile ile niliyoivuna vizuri misimu minne mfululizo, na aliyeniuzia alirudia maneno aliyoniambia siku ya kwanza: hii haishikwi na ugonjwa wa kutu. Nikaipanda shamba zima. Punje zilipoanza kujaa maziwa nilipita katikati ya shamba asubuhi moja, nikatoka suruali imekuwa na rangi ya matofali kuanzia magotini kushuka chini. Ilikuwa kutu ya shina. Tulipokuja kuvuna, punje zilikuwa zimesinyaa, nyepesi mno, nyingi zikapeperuka pamoja na makapi.

Nilimkasirikia muuzaji kwa muda mrefu. Baadaye nikaelewa kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli siku ya kwanza. Mbegu haikubadilika. Kilichobadilika ni ugonjwa.

Naomba mkulima mwenzangu ulielewe hili kabla ya jingine lolote. Kutu husababishwa na kuvu. Kipele kimoja kwenye shina hutoa maelfu ya chembe zinazobebwa na upepo hadi mamia ya kilomita, na hali ya hewa ikikubali, kizazi kipya hutokea kila baada ya wiki mbili hivi. Katika wingi huo huzuka kuvu asiyezuiwa na kinga ya mbegu yako. Akishazuka, kila shamba lenye mbegu hiyo ni chakula chake.

Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu ya shina iliyoishinda Sr31, jeni iliyokuwa imetoka kwenye nafaka ya rai na kuilinda ngano ya nchi nyingi kwa miaka mingi. Kutu hiyo ikaitwa Ug99. Wataalamu wakatafuta mbegu za kuikabili, na Ethiopia ilikuwa nayo mojawapo, Digalu. Baada ya mlipuko mkubwa wa kutu ya manjano wa mwaka 2010, wakulima wengi huko waliikimbilia kwa sababu ilihimili kutu hiyo na Ug99 pia. Kuanzia mwishoni mwa 2013 ikashambuliwa vibaya na kundi jingine la kutu ya shina, tofauti kabisa na Ug99. Niliposoma habari hiyo niliona shamba langu mle ndani: watu wengi, mbegu moja, imani moja.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si "inatoa magunia mangapi". Uliza inahimili ugonjwa gani. Kutu zenyewe ni tatu, na mbegu inayozuia moja inaweza kuwa dhaifu kabisa kwa nyingine. Kutu ya manjano hupenda baridi na hujipanga kwa mistari kwenye jani. Kutu ya majani hutawanya madoa ya kahawia juu ya jani, penye joto la wastani. Kutu ya shina hupenda joto zaidi, hupasua ngozi ya shina, na mwishoni hugeuka nyeusi. Nje ya kutu kuna madoa ya septoria, yanayorushwa na matone ya mvua kutoka kwenye mabua ya msimu uliopita, na kuna fusari inayoyafanya masuke yapauke kabla ya wakati, hasa ngano ikifuata mahindi. Mbegu inayohimili yote hayo kwa kiwango cha juu mimi sijawahi kuipanda. Kumbuka ugonjwa uliokusumbua misimu mitatu iliyopita, huo ndio uanze nao.

Swali la pili ni mara ya mwisho mbegu hiyo ilipimwa dhidi ya ugonjwa huo lini. Alama ya "sugu" iliyoandikwa mwaka mbegu ilipoidhinishwa haikuhakikishii msimu huu. Afisa ugani au kituo cha utafiti watakuwa na taarifa mpya kuliko karatasi iliyobandikwa kwenye mfuko.

Swali la tatu wengi hatuliulizi: hiyo kinga ni ya namna gani? Kuna kinga inayotegemea jeni moja kubwa. Mmea unakuwa safi tangu unapoota, unapendeza macho, lakini kuvu akibadilika kinga yote inaanguka kwa pamoja. Na kuna kinga ya mmea mkubwa, inayotokana na jeni kadhaa ndogo zinazosaidiana. Hii haimzuii kuvu kabisa, inampunguza kasi. Utaona vipele vichache, vidogo, vinavyochelewa kuenea, na suke linajaza. Jeni ya Sr2, iliyoingizwa kwenye ngano ya mkate miaka ya 1920, ni ya namna hiyo, na mpaka leo inafanya kazi. Siku hizi sikimbii nikiona madoa machache kwenye majani ya chini. Kwa kweli namwogopa zaidi mtu anayenionyesha shamba lisilo na doa hata moja na kuniambia nipande yote.

Kama kuna majaribio ya mbegu mahali unapoweza kufika, nenda. Nenda masuke yanapojaa, kwa kuwa magonjwa mengi huonekana vizuri wakati huo, na usingoje siku ya mavuno ambapo kila kitu kimekauka na kufanana. Tafuta sehemu ambayo haikupuliziwa dawa ya ukungu. Mbegu ikitoa mavuno makubwa penye dawa na kuporomoka pasipo na dawa, mavuno hayo ni ya dawa, na bili ya dawa utailipa wewe. Ile ambayo tofauti yake ni ndogo ndiyo naichunguza.

Kuhusu mavuno, usichukue namba ya msimu mmoja mzuri. Omba za miaka mitatu, na uangalie mwaka mbaya ilitoa kiasi gani. Mbegu inayoongoza mwaka wa mvua nyingi na kuwa ya mwisho mwaka wa ukame sipandi, hata iwe na sifa gani. Tazama pia siku za kukomaa, ili kujaza punje kusiangukie wakati mvua zako zimekatika, na uimara wa shina, kwa sababu ngano iliyolala huoza na mashine haiiokoti. Mnunuzi wako naye ana neno: ngano ngumu ya mkate na ngano laini ya biskuti haziendi soko moja.

Sasa sipandi mbegu moja shamba zima. Napanda mbili, wakati mwingine tatu, zenye asili tofauti ya kinga. Hapo uliza vizuri, maana majina mawili yanaweza kuwa na wazazi wale wale, na kutu ikiiangusha moja inaangusha na nyingine. Mbegu mpya naipa kwanza ukanda mwembamba kando ya ile ninayoijua, udongo ule ule, mbolea ile ile. Maotea ya ngano, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, nayang'oa yote kabla ya msimu, kwani kutu huishi kwenye mimea mibichi na hayo ndiyo daraja lake la kuvuka kutoka msimu hadi msimu.

Nunua mbegu iliyothibitishwa angalau kwa kuanzia. Fugwe, ule unga mweusi unaochukua nafasi ya punje kwenye suke, hukaa ndani ya mbegu na huwezi kuuona kwa macho. Kisha usipande kwa kukisia kilo. Chukua idadi ya mimea unayotaka kwa mita moja ya mraba, zidisha kwa uzito wa punje 1,000 kwa gramu, gawanya kwa asilimia ya uotaji. Mimea 250, punje 1,000 zenye gramu 42, uotaji wa asilimia 90: unapata kama kilo 117 kwa hekta. Mbegu yenye punje ndogo itahitaji kilo chache kuliko hizo, na ukipanda kwa kipimo cha zamani utasonga mimea, hewa isipite, ukungu upate makao.

Msimu huu nina kanda nne za majaribio. Mmoja umeanza kuonyesha mistari ya manjano kwenye majani ya chini tangu wiki iliyopita, lakini jani la juu, lile linalolilisha suke, bado ni safi. Sijaupulizia dawa. Naupitia kila baada ya siku tatu, nahesabu majani yenye madoa katika mashina kumi yale yale niliyoyafunga uzi, na naandika.