Figo za mzee zimejaa mkojo, mionzi itazibua?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Tanga, Ngamiani. Baba ana miaka 68, ana saratani ya kibofu, ameshawekwa mpira wa mkojo, utrasaundi imeonesha figo zote mbili zimejaa mkojo na kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuangalia kazi ya figo, ni 640. Jirani anasema akipigwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, mkojo unafunguka wenyewe. Tupande basi la kesho?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dar mnaweza kufika, ila mionzi isiwe ya kwanza. Mionzi inasinyaza uvimbe polepole, ni mambo ya wiki, tena siku za mwanzo uvimbe unaweza hata kufura kidogo, na figo zenye kreatinini 640 hazina wiki za kusubiri. Rudi hospitali leo hiihii uulize kama wanaweza kuweka nefrostomi, kile kimpira kinachopita mgongoni mpaka kwenye figo mkojo ukamwagikia kwenye mfuko, kama hawawezi waombe rufaa ya haraka kwa madaktari wa njia ya mkojo Muhimbili. Najua utaniambia mbona mzee ana mpira tayari, sawa, lakini ule unatoa mkojo ulioko ndani ya kibofu, na yeye inaelekea uvimbe umebana pale mirija ya kutoka kwenye figo inapoingilia, yaani mkojo haufiki hata huko kibofuni.

Halafu wapime potasiamu, ile chumvi ya kwenye damu, hiyo ikipanda inaweza kusimamisha moyo. Na hapa ndo nawagombezaga watu wa kwetu pwani: MSIMPE MADAFU! Najua mnampa "asafishe mkojo" lakini dafu limejaa potasiamu na figo zake haziwezi kuitoa. Diklofenaki za dukani, zile dawa za maumivu, nazo acheni, zinaumiza figo. Akipata homa na kutetemeka usingoje kukuche.

Figo zikishapumua ndo mionzi ina kazi yake, hasa kukausha damu kwenye mkojo na kupunguza maumivu. Kwa mzee aliyechoka siyo lazima akae Dar miezi, Uingereza walilinganisha dozi 10 za wiki 2 na dozi 3 za wiki 1 (majibu yalitoka mwaka 2000), nafuu haikupishana sana, kwa hiyo muulize daktari wa mionzi kuhusu hiyo fupi. Mbebe na majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa, maana kama amekulia kwenye kichocho aina ya saratani inaweza kuwa tofauti na dawa zake pia.

Potasiamu ikitoka niandikie ni ngapi.