Kifaa kinakufa kabla ya main: tazama anwani ya pili ya data

Swali: Shikamoo mhandisi. Niko Moshi, natengeneza kifaa cha kupima unyevu wa kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja. Programu ilikuwa inakwenda vizuri kwenye bodi ya Cortex-M4. Nimehamia Cortex-M0 kwa ajili ya bei, sasa hakiwaki. Dibaga inaonyesha HardFault (kosa zito linalosimamisha kichakato) hata `main`, pale programu yangu inapoanzia, haijafikiwa. Cha ajabu, nikifupisha maandishi ya toleo kwa herufi mbili, kinawaka. Skripti ya linka (programu inayopanga vipande vya msimbo na data kwenye kumbukumbu) nimeandika mwenyewe, nimekuambatishia. Au chipu ni mbovu?

Jibu: Marahaba. Chipu yako nzima, usiirudishe dukani. Herufi mbili hizo ndizo zilizoniambia pa kutazama.

Kwenye skripti yako `.data`, yaani vigeu vyenye thamani ya kuanzia, ina `AT(__etext)`, na `__etext` umeiweka pale pale maandishi ya kudumu yalipoishia, popote pawapo. Endesha `objdump -h` kwenye faili lako la ELF (programu iliyokwisha kuunganishwa), utakuta mstari wa namna hii:

`.data 00000064 20000000 08001a36 00020000 2**2`

Ile `2**2`, yaani 2 kwa kipeo cha 2, inasema data inataka anwani inayogawanyika kwa 4. Linka imelitimiza hilo kwenye RAM, yaani 20000000. Lakini data ina anwani mbili: 08001a36 ndiko inakolala ndani ya fleshi umeme ukiwa umezimwa. Hiyo uliichagua wewe kwa `AT`, na linka ikaipokea kama ilivyo. Tazama tarakimu mbili za mwisho: 36 ya heksa (hesabu ya msingi wa 16) ni 54. Gawanya kwa 4, zinabaki 2.

Kifaa kikiwashwa, msimbo wa kuanzishia unahamisha data kutoka fleshi kwenda RAM, baiti 4 kwa mkupuo, kwa LDR, amri ya kusoma kumbukumbu. M4 inaivumilia anwani ya namna hiyo. M0 haivumilii, inatupa HardFault hapo hapo. Ukipunguza herufi mbili unafika 34, yaani 52, mambo yanakwenda. Hata ungeongeza mbili kingewaka.

Weka `. = ALIGN(4);` juu ya `__etext = .;`. Linka itajaza baiti 2 za bure, na kwenye faili la ramani utaziona zimeandikwa `*fill*`. Fanya hivyo hivyo mwisho wa `.data`, maana kama lupu yako ya kuhamisha data inauliza "si sawa" badala ya "ndogo kuliko", itakiruka kikomo na kuendelea mpaka RAM iishe.

Halafu, kwa hili usitegemee `readelf -S`. Inaonyesha anwani ya RAM peke yake, na safu ya `Al` inasoma 4 kwa utulivu kabisa. Watu wazoefu wamepotezewa jioni nzima na safu hiyo.

Kikishavuka `main` kisha kikafa tena, nitashuku pointa iliyochukuliwa kutoka ndani ya struct yenye `packed` (sehemu zake zimebanwa bila nafasi kati yake), na huko `ALIGN` haikusaidii. Ikitokea, nitumie sehemu inayosoma ujumbe wa sensa.