Una 60,000 na unataka kuanza kuchokonoa gajeti? Nunua mita kwanza

Mkuu, umeuliza hivi: una shilingi 60,000, unapenda vifaa vidogo vya kubeba mkononi kama redio, spika za bluetooth, pawabenki na viswaswadu, unataka uwe unanunua vibovu, unavifungua na kuvifufua, ila hujui uanze na kipi Kariakoo. Waliotangulia wamekwambia anza na simu. Mimi napingana nao, na nitaeleza huko chini. Msimamo wangu ni huu: usinunue kifaa chochote kabla hujawa na mita ya kupimia umeme, na kitu cha kwanza kukifahamu ni betri. Spika na redio zitafuata zenyewe.

Sina fremu wala sitengenezi kwa malipo. Kazi inayonilisha ni nyingine kabisa, hii ni starehe ya jioni na Jumapili, na nyumbani wameshazoea kukuta skrubu kwenye bakuli la sukari. Lakini nimenunua vibovu vya kutosha kujua vinakufaje. Vifaa vingi vya mkononi vinavyouzwa kwa bei ya kutupa havijafa bodi. Kimekufa kimojawapo kati ya betri, tundu la chaji na waya mwembamba unaounganisha viwili hivyo. Bodi inakaa pale nzima, inasubiri umeme.

Mita yenyewe ni ile ya njano, DT-830, utaipata kwa 15,000 au chini ya hapo ukibishana vizuri. Haina usahihi wa maabara na huihitaji kwa usahihi huo. Ongeza kale kadude ka kuchomeka kati ya chaja na kebo, kenye kioo kinachoonyesha volti, ampia na mAh (kiasi cha chaji) zilizopita. Hako ndiko kanakowaumbua wauza pawabenki.

Tuanze na hizo pawabenki maana ndipo watu wanapigwa sana. Seli nyingi za ndani, zile za duara, zinaitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Seli nzuri ya saizi hiyo inashika kama 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Sasa mtu anakuuzia kitu kinachoingia mfuko wa shati kimeandikwa 50,000 mAh. Piga hesabu ukiwa umesimama hapo hapo: unahitaji seli zaidi ya 14, na zikiwa 14 tu zina gramu 630, bado hujaweka bodi na ganda. Kama mkononi ni kepesi kama sanduku la viberiti, basi hata muuzaji anajua. Tena kingekuwa cha kweli kingekuwa na saa-wati 185 (kipimo cha nishati ya betri), wakati ndege za abiria zinakuruhusu hadi 100 bila kuomba kibali. Hicho kingekupa kesi uwanjani.

Hata pawabenki ya ukweli haikupi namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, na hapa watu huwa wanalalamika bure. 10,000 mAh imepimwa kwenye seli yenye volti 3.7. Simu inapokea volti 5. Kwa hiyo 10,000 mara 3.7 ni 37,000, gawanya kwa 5 unapata 7,400, na bodi inakula kiasi kwa joto wakati wa kupandisha volti. Ukipata 6,000 na kitu kwenye kile kipimo cha USB, umeuziwa mali halali. Geuza kifaa usome maandishi madogo, waundaji wanaojiheshimu wanaiandika namba hiyo ya chini wenyewe. Asiyeiandika kabisa ana sababu zake.

Kuna moja niliifungua, imeandikwa 20,000, ilinunuliwa na jamaa yangu kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Ganda lilikuwa na nafasi ya seli nne zimepangwa. Seli moja tu ndiyo iliyounganishwa kwenye bodi. Nyingine tatu ni mabomba ya bati yamefunikwa plastiki ya bluu vizuri kabisa, na nilipolikata moja kwa koleo ukamwagika unga mweupe mkavu. Ulikuwa umejazwa ili uzito uwe wa kueleweka mkononi. Niliikubali akili ya huyo mtu. Alijua kwamba mnunuzi mjanja anapima kwa kiganja, akamtengenezea jibu. Ndiyo maana nakwambia kiganja ni chujio la kwanza tu, la pili ni kipimo. Na seli za moja moja zilizoandikwa 9,900 mAh usiziguse hata kama ni buku.

Njoo kwenye BL-5C. Hii ni betri ya Nokia ya zamani, lakini leo iko kila mahali: redio ndogo za FM zenye sehemu ya flashi na memori kadi, spika za wauza dawa za panya, tochi, mizani za dijitali, karibu kila kitu cha Kichina kinachofunguka mgongo kwa ukucha. Ukizijua hizi umeshajua nusu ya vibovu vya Kariakoo. Halisi imeandikwa 1,020 mAh, zile za awali chini ya hapo. Ukikuta BL-5C ya 2,800 mAh, rudisha mezani utabasamu.

Namna ya kuipima kaunta: ilaze juu ya kioo cha kaunta, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba tumbo, achana nayo. Iliyo nzima inakwaruza kioo na kusimama kwa sababu imelala bapa. Kisha chomoa mita, weka kwenye volti 20 za DC, gusa chanya na hasi. Ikiwa 3.6 hadi 4.0 sawa. Ikiwa chini ya 2.5 imekaa imekufa muda mrefu, hata ikikubali chaji haitadumu. Muuzaji akikuwekea uso wa kukukasirikia unapotoa mita, hamia fremu ya jirani, mtaa wa Aggrey wote umejaa wauzaji. (Wa Nairobi mna mtaa wa Luthuli, mambo ni yale yale.) Na usidhani uhalisi unamaliza kila kitu: mwaka 2007 Nokia wenyewe walitoa tahadhari kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita, kwa kuwa baadhi zilikuwa zinaweza kupata joto kali zikiwa kwenye chaji.

Sasa ufufuaji wenyewe. Rafiki yako mkubwa atakuwa kipande kidogo cha bodi ya kuchajia, cha bluu au chekundu, kinachoitwa TP4056, bei yake ni nauli ya daladala chache. Chukua chenye chipu tatu, kubwa moja na ndogo mbili, kwa sababu hizo ndogo ndizo zinazokata umeme betri ikishuka sana au waya zikigusana. Chenye chipu moja tu hakina ulinzi huo. Kinapokea volti 5 za chaja yoyote ya simu na kujaza seli hadi volti 4.2, kisha kinakata. Taa nyekundu inachaji, bluu imejaa. Spika yenye tundu la chaji lililong'oka na kubeba njia za bodi, badala ya kuhangaika kuunganisha nyuzi zisizoonekana kwa macho, unalipa kisogo tundu la zamani: unapachika TP4056 ndani ya ganda, waya mbili kwenda kwenye betri, mbili kwenda kwenye bodi pale betri ilipokuwa, unatoboa mdomo wa tundu jipya kwa ncha ya pasi ya kuchomelea ikiwa ya moto. Inanuka plastiki kidogo, lakini spika inaongea.

Kuna jambo ambalo video nyingi hazisemi. TP4056 inatoka kiwandani ikichaji kwa ampia 1. Kwa seli ya 18650 hakuna shida. Kwa BL-5C ya 1,020 ni nguvu mno, na kwa zile betri ndogo bapa za hedifoni ni hatari kabisa. Angalia kwenye bodi utaona rezista (kile kipande kinachobana umeme) ndogo mno, mara nyingi imeandikwa 122, maana yake kiloohm 1.2. Hiyo ndiyo inayoamua kasi. Ing'oe, weka ya kiloohm 2, chaji inashuka hadi kama miliampia 580. Ukiweka ya 5 inakuwa 250, na ya 10 ni 130. Rezista unazitoa kwenye bodi za redio zilizokufa kabisa, ndiyo sababu situpi bodi.

Seli za kuanzia utazipata kwenye betri za laptop zilizokufa. Mafundi wa laptop wanazo zimejaa kwenye boksi chini ya meza, wengine watakupa bure, wengine 5,000. Nyingi za zile nene zina seli 6 za 18650 zimefungwa mbili mbili sambamba, jozi tatu kwa mfululizo. Laptop ikisema betri imekufa, aghalabu ni jozi moja imeanguka, na mbili zilizobaki bado zina maisha. Pasua ganda taratibu kwa kisu butu, usitumie bisibisi kuchoma ndani, maana mwili wote wa seli ni hasi hadi karibu na kichwa cha chanya, na ile plastiki juu yake ni nyembamba. Ukiichubua pale begani chuma kikagusa pande zote mbili, cheche zake hutazisahau. Pima kila jozi. Iliyo chini ya volti 2 weka pembeni, usiifufue. Zilizobaki zichaji kwa TP4056, ziguse kila baada ya muda mfupi; inayopata moto kuliko wenzake nayo iende pembeni. Zikijaa, ziache wiki nzima bila kuziunganisha popote, upime tena. Iliyobaki 4.1 na kitu ni seli ya kazi. Iliyoshuka hadi 3.8 yenyewe inavuja ndani.

Zile bati nyembamba za nikeli zilizochomelewa kwenye ncha usizing'oe zote. Kata uache kipande, na risasi yako ya kuungia waya uichomelee juu ya bati. Ukipeleka pasi moja kwa moja kwenye seli unaipika, hasa upande wa hasi.

Hedifoni za bluetooth zile za kuziba masikio kila upande na chake, sipendi hata kuzizungumzia. Zimegundishwa, betri yake ni kama punje ya dengu, ukifungua ndiyo umeua. Nunua mpya, tumia, ikifa imekufa.

Flashi na memori kadi: kitu cha 1 TB kwa bei ya chakula cha mchana ni kadi ya GB chache ambayo chipu yake imefundishwa kudanganya. Inapokea mafaili yako yote kwa adabu, ikijaa inaanza kuandika juu ya ya zamani, na majina unayaona yapo. Programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux inaijaza kadi nzima na kuisoma tena, uongo unatoka wenyewe. Fanya hivyo siku unayonunua, muuzaji akiwa bado anakukumbuka sura.

Jingine litakalokutokea: utanunua spika au tochi yenye tundu la USB-C, ukitumia kebo ya kawaida yenye kichwa kipana inachaji, ukitumia ya C kwa C na chaja mpya inakaa kimya kama haijachomekwa. Haijaharibika. Kwenye C kwa C chaja haitoi umeme mpaka ione rezista ya kiloohm 5.1 upande wa kifaa, na kifaa kinatakiwa kuwa nazo mbili, moja kwa kila pini ya CC (pini za kutambuana na chaja) kwenda hasi. Kiwanda kimeziruka kubana senti. Ukiwa na mkono mtulivu unaziweka mwenyewe, ila pini zake ni ndogo mno, jaribu kwanza kwenye kitu usichokipenda.

Kwa nini siyo simu? Simujanja za leo zimegundishwa, kioo kinapasuka kabla hujafika kwenye betri, na kioo kipya kinazidi hela yote uliyonayo. Pili, simu mbovu uliyouziwa na mtu wa mtaani, bila boksi wala risiti, hujui imetoka mfuko wa nani. Ukiifufua ikashika mtandao utaitwa wewe. Hata IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inaweza kuwa ya kuchongwa, na tangu Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walipozima simu zenye IMEI feki, kazi yako ya siku tatu inaweza kuishia kuwa saa ya mezani. Viswaswadu ni sawa ukinunua kwa fundi unayemfahamu.

Kwa hiyo 60,000 yako ningeigawa hivi: mita, kipimo cha USB, pasi ya kuchomelea ya wati 40 au 60 na risasi yenye dawa ndani, TP4056 kadhaa. Chenji itakayobaki nenda nayo kwa mafundi jioni wakati wanafunga, ndipo wanapotaka kupunguza takataka, uulize betri za laptop na redio ndogo zilizokufa. Betri zilizovimba wakikupa za bure usizipokee. Ukipata pakiti ya laptop usiipasue kwanza. Piga picha lebo yake upande wenye volti na mAh, iweke hapa, nitakuchorea seli zipi ziko sambamba na pa kukata kwanza.