Plastiki inayeyushwa, inaozeshwa au inaliwa?

Swali: "Naandika makala fupi kuhusu vijidudu na taka za plastiki baharini. Mimi niliandika 'wanasayansi wamegundua vijidudu vinavyoyeyusha plastiki baharini', mwenzangu akafuta akaweka 'bakteria wanaooza plastiki', halafu mhariri nae akasema wote tumekosea, iwe 'vimelea vinavyokula plastiki'. Nani yuko sahihi? Na hao bakteria wanakula, zinakula au yanakula?"

Jibu: Hakuna aliepatia moja kwa moja, ila mwenzako ndo kaharibu zaidi kwahiyo tuanze nae. Kitenzi oza kwenye maana ya kuharibika hakina mtendwa, nyama inaoza, mbao inaoza, basi, inaishia hapo. Ukisema bakteria wanaoza plastiki msomaji anabaki na njia mbili, ama aelewe kwamba bakteria wenyewe ndo wanaooza, ama aangukie kwenye ile oza nyingine inayotokana na oa, baba kamwoza binti yake, yaani bakteria wameifungisha plastiki ndoa. Akitaka kung'ang'ania mzizi huohuo aandike ozesha. Nayo inabeba maana ya ndoa kwa mbali, ila muktadha unaiokoa, hakuna atakaeulizia bwana harusi ni nani.

Sasa wewe na yeyusha yako. Sarufi iko sawa kabisa, tatizo ni maana. Kitu kikiyeyuka kinabadilika hali tu lakini kinabaki kilekile, barafu ikiyeyuka ni maji, chumvi ikiyeyuka kwenye maji ukiyakausha unaikuta chini. Plastiki nayo kuyeyuka inajua sana, ipashe moto ilegee, ikipoa ni plastiki tena. Kinachofanywa na hawa bakteria ni kitu kingine. Plastiki ni minyororo mirefu mno ya molekuli na kazi yao ni kuikata hiyo minyororo mpaka vibaki vipande vidogo ambavyo sio plastiki tena. Mfano maarufu ni bakteria anaeitwa Ideonella sakaiensis, wanasayansi wa Japani walimtangaza mwaka 2016 baada ya kumpata kwenye sampuli walizochukua karibu na kiwanda cha kuchakata chupa za plastiki mjini Sakai, ndo maana ya hilo jina la pili. Huyu anashambulia PET, plastiki ya chupa za maji na soda, anaikata hatua kwa hatua hadi anabaki na kemikali mbili ndogo, asidi ya tereftaliki na ethilini glikoli, halafu anazitumia kujikuza. Kwenye maabara, kipande chembamba cha PET laini kilikaribia kuisha kabisa kwa kama wiki sita kwenye joto la nyuzi 30.

Umeona lakini tatizo la pili kwenye sentensi yako? Umeandika "baharini" na huyu katoka nchi kavu. Tena PET ni nzito kuliko maji ya bahari, chupa ikijaa maji inazama, na huko chini ni baridi, mbali sana na nyuzi 30 za maabara. Waandishi wengi wanasoma habari ya Sakai wanaihamishia baharini bila hata kugeuka nyuma, wakati neno moja tu la mahali limeshageuza habari yote kuwa uongo.

Kitenzi ninachokipenda mimi hapa ni meng'enya. Wengi tunakijua kwenye chakula tumboni, na hapohapo ndo palipotoka kimeng'enya, zile protini ambazo baadhi ya watu bado wanaziita enzaimu. Bakteria wa Sakai ana vimeng'enya viwili vya kazi hii, cha kwanza kinakata mnyororo wa PET, cha pili kinamalizia vile vipande vilivyokatwa. Kwahiyo ukiandika "wanameng'enya plastiki" umesema kinachotokea na umetumia chombo kinachofanya kazi hiyo ndani ya mzizi mmoja, Kiswahili kimekurahisishia halafu wewe unahangaika na yeyusha ya nini.

Kula je? Kula ni sawa pale ambapo kiumbe anapata lishe kweli, yaani kaboni ya plastiki inaingia mwilini mwake au anaichoma apate nguvu. Kwa Ideonella andika kula bila wasiwasi. Kwa baharini mfano mzuri ni kuvu, aina ya Parengyodontium album, ambayo mwaka 2024 watafiti wa Uholanzi walionesha kwamba inameng'enya polithini, ile plastiki ya mifuko, lakini polithini hiyo lazima iwe imeshapigwa na mionzi ya jua kwanza, na kwenye maabara kasi yake ilikuwa kama asilimia 0.05 kwa siku. Hapo "inakula" ni sahihi ila weka na neno polepole, maana kichwa cha habari "kuvu wanaokula plastiki" kinamfanya mtu aone bahari inafagiliwa saa hiihii.

Halafu kuna kundi la vitenzi watu wanalisahau kabisa: meguka, katikakatika, sagika. Sehemu kubwa ya plastiki inayoelea haiozi wala hailiwi, inapigwa jua, inakauka, inakuwa dhaifu, mawimbi yanaimegua mpaka vinabaki vipande vya chini ya milimita 5 ambavyo tunaviita mikroplastiki. Ukiandika imeoza umedanganya, ukiandika imepotea umedanganya zaidi, hiyo imemeguka tu na bado ni plastiki. Mi naona hapa ndo kwenye kosa kubwa la makala nyingi, kuliko hata hili la bakteria mnalogombania.

Mhariri nae na vimelea vyake. Kimelea ni kiumbe kinachoishi kwa kumnyonya kiumbe mwingine aliye hai, sasa plastiki ina uhai gani wa kunyonywa? Najua kwenye habari za magonjwa neno limeshatanuka, mtu anasema vimelea akimaanisha chochote kinacholeta ugonjwa, lakini hawa hawamuumizi mtu. Andika vijidudu, vijiumbe, bakteria au kuvu kama unajua ni nini hasa. Tena uwe mwangalifu hapohapo, kukuta vijidudu juu ya kipande cha plastiki hakumaanishi wanaila. Kila kinachoelea baharini kinavamiwa na utando wa vijiumbe, na wapo watafiti ambao mwaka 2013 waliupa ulimwengu huo wa juu ya plastiki jina lake kabisa, plastisfia. Wengi wao wamepanga tu, hawali nyumba.

Upatanisho sasa. Bakteria ni viumbe hai kwahiyo waende na a- na wa-, bakteria huyu anakula, bakteria hawa wanakula. Utasikia "bakteria hizi" na "bakteria haya" kila siku, kwenye mazungumzo sitamkatiza mtu, kwenye makala ningerekebisha. Vijidudu wana pande mbili, kwa uhai wao unaweza kusema vijidudu hawa wanakula, kwa udogishaji unasema vijidudu hivi vinakula kama tunavyosema kijitoto kinalia. Mi nachagua vi- kwa sababu ndo inayokuja mdomoni yenyewe, muhimu usianze na hivi ukamalizia na wanakula. Na mtu asikuletee virusi kama ushahidi, virusi wameshajiendea zao na vi- mpaka watu wametoa umoja kirusi, huko hawarudi.

Kwahiyo sentensi yako ningeiandika hivi: "Watafiti wamegundua kuvu wa baharini wanaoweza kumeng'enya polithini iliyopigwa na jua, ingawa polepole sana." Ni ndefu kuliko ya kwako, najua.

Na kama makala itagusa ile "plastiki inayooza" iliyoandikwa kwenye vifungashio, uliza inaoza wapi. Ile inayotengenezwa kwa wanga wa mimea, inayoitwa PLA, inahitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60, kwenye maji ya bahari inakaa tu kama nyingine. Usiandike "inayooza" ukanyamaza, malizia "kwenye mboji ya kiwandani".