Hamu ya wengi ina nguvu, ila uliza kila mmoja anataka nini

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, hamu ya watu wengi inaweza kubadili siasa, au ni upepo wa kampeni tu? Najibu nikiwa Mombasa, mji uliotamani mambo makubwa kwa zaidi ya karne moja, na baadhi yake ukayapata.

Nguvu inayo. Lakini ina kasoro ambayo wanaharakati wetu hawapendi kuisikia. Kadiri hamu inavyosemwa kwa maneno mapana, ndivyo inavyojaza uwanja. Na siku inapotiwa kwenye karatasi, kwa majina na ekari, ndipo inapopasuka. Afadhali waipasue wenyewe mapema kuliko kungoja wapasuliwe na mtu mwingine.

Chukueni Mwambao, yaani dai la ukanda wa Pwani ya Kenya. Kwa mkataba wa 1895, ukanda wa maili 10 kutoka ufukweni ulibaki wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala na kumlipa pauni 11,000 kwa mwaka. Uhuru ulipokaribia, kilio cha Pwani kujitawala kikapanda. Pwani ya nani, lakini? Waarabu na Waswahili wengi wa mjini walikuwa na ukanda ule wa Sultani akilini, pamoja na makadhi wake na hati zake. Mijikenda wengi, wakulima wenyeji wa Pwani, waliuona ukanda huo huo kuwa ndio uliowakosesha mashamba. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilimtaka mtu apeleke dai lake liandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Aliyelima kwa desturi ya ukoo, bila karatasi, akageuka skwota pale pale alipozaliwa. Wengi wa hao walimfuata Ronald Ngala na chama chake cha KADU, waliotaka majimbo yenye mamlaka yake ndani ya Kenya. James Robertson, aliyetumwa kuchunguza jambo hilo mwaka 1961, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na wenyeji wenyewe hawakuwa na neno moja la kumjibu.

Mwezi Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, wakaandikiana barua. Dini na mahakama za kadhi zikalindwa, na mizizi ya Kifungu cha 170 cha Katiba ya leo imo humo. Lakini barua hizo hizo ziliahidi pia kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa Pwani zitatambuliwa daima. Lililomtuliza mwenye hati ndilo lililomfungia skwota mlango. Wanaoshangaa kwa nini kauli ya "Pwani si Kenya" ya MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge, ilipata masikio mengi miaka ya karibuni wasome barua hizo kwanza. Na wanaoipenda kauli hiyo nao wajiulize: Pwani ikishakuwa si Kenya, shamba la Kisauni litaandikwa jina la nani? Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku ya kundi hilo Julai 2012, lakini swali hilo si la mahakama kulijibu.

Sasa linganisheni na mgomo wa 1947. Tarehe 13 Januari, wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani waliweka kazi chini, wakakaa siku 12. Walikutanika Kiwanja cha Maskini. Walikuwa na machungu ya kila aina: kodi ya vyumba, bei ya vyakula, dharau za waajiri. Ila waliyapunguza hadi kitu kimoja ambacho mwajiri anaweza kukitoa, yaani mshahara. Kuli wa bandarini na mpishi wa Mzungu hawakuwa na shida moja, lakini nyongeza ya mmoja haikumpunguzia mwenzake. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akaja kuwasihi. Wakarudi kazini kwa ahadi ya uchunguzi, na baraza la Jaji Thacker likatoa nyongeza. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa Kabarnet. Nyongeza ilibaki.

Mfano wa karibu ni bandari. Agosti 2019 iliagizwa kwamba kontena za kwenda bara zipandishwe SGR, reli mpya ya kwenda Nairobi, zikakaguliwe na kulipiwa ushuru Embakasi, Nairobi. Lori likikosa mzigo, wa kwanza kulala njaa si mwenye lori. Ni tanboi, kisha muuza chapati wa Miritini, kisha fundi wa magurudumu, halafu ndipo yadi za kontena zinapoanza kupunguza makarani. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Septemba 2022, William Ruto alipoapishwa kuwa rais, alitangaza siku hiyo hiyo kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Hamu hii ilifika kwa sababu hakuna maskani mjini iliyoona inaumizwa na kurudi kwa mizigo, mwenye uwezo wa kufuta agizo alijulikana, na kura zilikuwa njiani. Hata hivyo kilichorudi siku ile ni agizo. Yadi iliyokwisha fungwa haifunguki kwa tangazo.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kupaza sauti kuhusu ardhi, tuseme Likoni, kianze na madaftari matatu kabla ya kuchapisha fulana. La kwanza ni la maskwota, wanaotaka hati. La pili ni la wenye nyumba bila ardhi, utaratibu wetu wa Mombasa ambapo nyumba ni yako na kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hao hofu yao kubwa ni kupandishiwa au kuvunjiwa. La tatu, ambalo husahaulika, ni la wapangaji wa vyumba. Mwenye nyumba akipata hati, kodi ya chumba huenda ikapanda, na mpangaji aliyepiga kelele mstari wa mbele atahama wa kwanza. Mambo haya yasemwe barazani mapema, hata kama watu watanuniana. Kwenye shamba la Waitiki, hapo hapo Likoni, ekari 930, hati zilitolewa 2016 kwa shangwe, kisha waliozipokea wakaambiwa serikali iliinunua ardhi hiyo na wao wanatakiwa kuilipia. Lazima suala la nani analipa liingie kwenye daftari tangu siku ya kwanza.

Kisha mtafuteni mwenye uwezo. Watu humkaba diwani wao kuhusu daraja la Likoni, ilhali kivuko na daraja ni vya serikali ya taifa. Hati ni za wizara ya ardhi. Mipango ya mji ni ya kaunti. Diwani atawaitikia "ndiyo" kwa yote, maana halimgharimu chochote.

Ombi kwa Bunge linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Litaje kama mmekwisha kwenda ofisi husika na mkajibiwa nini, kama jambo liko mahakamani, na mwisho liseme wazi mnaomba nini. Linapoharibikia ni kwenye karatasi za sahihi. Vijana huzunguka na kurasa tupu, watu wakaweka majina, halafu maneno yakabandikwa juu baadaye. Kila ukurasa unatakiwa uonyeshe ombi linahusu nini, na kila jina liwe na anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au dole gumba. Maandishi yasiwe na mafuto wala maneno yaliyopenyezwa katikati ya mistari.

Kwa mambo ya kaunti, tazameni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa sera ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Anayefika Mei na bango hukuta mafungu yamekwisha gawanywa, na ataambiwa angoje mwaka ujao. Basi daftari liwe tayari Agosti.